Usimcheke mtoto anayesema "goed"

Mzazi, huenda umewahi kuyasikia maneno haya jioni, mtoto akishuka kwenye basi la shule. Ana umri wa miaka minne. Anakukimbilia langoni na kukupa habari za siku: "Mummy, we goed outside and the rabbit runned!" Unashtuka, kwa sababu mwaka jana mtoto huyo huyo alikuwa akisema "went" bila shida. Je, shule imemharibu? Je, ni usemi wa yaya? Au kuna hitilafu katika ubongo?

Katika mitaa kama Elgon View, jijini Eldoret, ambako wazazi wengi hulipa karo ya juu ili watoto wao wazungumze Kiingereza mapema, jambo hili huwakosesha watu usingizi. Kuna wanaomcheka mtoto, kuna wanaomkemea mbele ya wageni, na wapo wanaomvuta sikio. Wiki hii tunaeleza kwa nini kosa hili si ugonjwa, kwa nini mara nyingi ni dalili njema ya akili inayokua, na jinsi ya kumfundisha mtoto bila kumtia hofu. Aidha, tutataja dalili ambazo kweli zinapaswa kukupeleka kwa daktari. Ni makosa makubwa kuhangaikia "goed" huku sikio linalotoa usaha likisahauliwa.

VITENZI VIKAIDI

Kiingereza kina njia rahisi ya kuonyesha jambo lililopita: kitenzi huongezewa -ed mwishoni. "Play" huwa "played", na "cook" huwa "cooked". Maelfu ya vitenzi hufuata kanuni hiyo. Hata hivyo, vipo takriban 180 vinavyoikataa. "Go" huwa "went", "eat" huwa "ate", "bring" huwa "brought", na "put" hakibadiliki kabisa. Hapa tutaviita vitenzi vikaidi.

Taabu ni kwamba vikaidi ndivyo vinavyotumiwa mno. Vile kumi vinavyosikika zaidi katika Kiingereza, yaani "be", "have", "do", "say", "make", "go", "take", "come", "see" na "get", vyote ni vikaidi. Mtoto hawezi kuvikwepa hata siku moja.

Ukaidi huo una asili yake. Vingi kati ya vitenzi hivyo ni masalio ya Kiingereza cha kale, ambacho kilibadilisha irabu ya ndani ya neno ili kuonyesha wakati. Vile vinavyotumiwa kila siku vimedumu kwa sababu kila kizazi kilivisikia mara nyingi tangu utotoni. Vilivyotumiwa kwa nadra vilisahaulika na kutiwa katika kanuni ya -ed. Hata "help", ambacho leo kinafuata kanuni, zamani kilikuwa kikaidi. Ndiyo kusema, hata watu wazima wa Kiingereza waliwahi kusema "goed" zao, na baadhi zikawa lugha sanifu!

Kiswahili ni chepesi zaidi katika jambo hili: nilicheza, nilipika, nililala. Hata hivyo, nacho kina mitego yake. Tunasema "nilikula", wala si "nilila". Tunasema "njoo", wala si "ja". Mtoto mdogo akisema "nilila ugali", amefanya kosa la aina moja na yule anayesema "I eated ugali". Amekamata kanuni, ila hajajua mahali inapokoma.

KWA NINI ALIJUA, KISHA "AKASAHAU"?

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto aliyesema "went" akiwa na miaka miwili na sasa anasema "goed" amerudi nyuma. Ukweli ni kinyume chake.

Mwanzoni mtoto huliweka kila neno kichwani kama lilivyo, bila kulichambua. "Went" kwake ni neno tu, kama "ball" au "milk". Baadaye, akiwa amesikia "played", "washed", "jumped" na mengine mengi, anang'amua jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: kumbe sauti ile ndogo ya mwisho inamaanisha jambo limepita! Hapo anaitumia kila anapoweza, hata pasipostahili. Hajasahau. Amevumbua.

Uvumbuzi huo ulionyeshwa wazi mwaka 1958 na mtafiti wa Marekani, Jean Berko. Aliwaonyesha watoto wa kati ya miaka minne na saba michoro ya watu wakifanya vitendo ambavyo majina yake aliyabuni mwenyewe. Mmoja wa watu hao alikuwa anajua "kuriki". Watoto waliulizwa mtu huyo alifanya nini jana. Wengi waliongeza mwisho wa wakati uliopita bila kusita. Neno hilo hawakuwa wamelisikia popote, kwa hiyo hawangeweza kulikariri. Kanuni ilikuwa imekwisha kukaa kichwani mwao.

Mtafiti mwingine, Roger Brown, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alieleza jinsi watoto watatu wa Marekani walivyojifunza Kiingereza. Aligundua kwamba baadhi ya vitenzi vikaidi hutangulia kutumiwa vizuri kabla ya mwisho wa -ed kuimarika. Kwa hivyo, mzazi, usishangae: "went" huja kwanza, "goed" hufuata, kisha "went" hurudi na kukaa.

Na je, makosa haya ni mengi kiasi gani? Mwaka 1992, Gary Marcus na wenzake walichapisha uchunguzi wa usemi wa watoto 83 wanaozungumza Kiingereza. Katika nafasi ambazo mtoto alitumia kitenzi kikaidi kwa wakati uliopita, kosa la aina ya "goed" kwa mtoto wa kawaida lilitokea kama mara 2.5 kwa mia. Yaani mara nyingi mtoto husema sawasawa. Sisi watu wazima ndio tunaokumbuka yale machache yaliyotuchekesha.

Maelezo yao ni haya. Kichwani mna ghala la maneno, na mna kanuni. Mtoto anapotaka kusema, hutafuta "went" katika ghala. Akiipata kwa wakati, kanuni hunyamaza. Asipoipata upesi, kanuni hujaza pengo na "goed" hutoka. Wataalamu wengine wamepinga mgawanyo huo na kusema ubongo hutumia njia moja tu. Lakini kwa mzazi funzo ni lile lile: dawa ya "goed" ni kulisikia neno "went" mara nyingi, katika mazungumzo yenye maana, hadi liwe jepesi kulikumbuka. Fimbo haiongezi neno katika ghala.

MATAMSHI YETU NAYO

Kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Uingereza havitakuambia. Kiingereza tunachozungumza Kenya hutumia irabu chache kuliko cha Uingereza. Wengi wetu hutamka "run" na "ran" kwa namna moja. Vivyo hivyo "drunk" na "drank", "sung" na "sang". Mtoto wa Eldoret anayewatazama wanariadha wakipita asubuhi na kusema "They run", huku akimaanisha jana, pengine hajakosea hata kidogo. Pengine amesema "ran" kwa matamshi yako mwenyewe.

Usimlaumu kwa tofauti ambayo hajawahi kuisikia. Msaidie kwa neno la wakati: "Yesterday they ran. Today they are running." Atatambua wakati kwa neno "yesterday" na kwa umbo la kitenzi katika sentensi nzima. Tofauti ya tahajia ataipata atakapoanza kusoma.

NYUMBA YA LUGHA TATU

Katika nyumba nyingi za Elgon View mtoto hulelewa kwa lugha zaidi ya moja. Baba na mama humsemesha kwa Kiingereza. Yaya, ambaye ndiye anayeshinda naye mchana kutwa, humsemesha kwa Kiswahili. Nyanya akija kutoka Kapsabet na chupa ya mursik, huzungumza Kinandi. Wazazi wengine huogopa kwamba lugha hizo zinamchanganya mtoto, wakamwamuru yaya atumie Kiingereza, hata kama hakijui vizuri.

Hofu hiyo haina msingi. Lugha nyingi hazisababishi ugonjwa wa usemi. Mtoto mwenye lugha tatu huenda akawa na maneno machache kidogo katika kila lugha, lakini ukiyajumlisha utaona hana upungufu. Isitoshe, lugha moja huisaidia nyingine. Kinandi, kwa mfano, hutenganisha jambo lililotokea leo, lililotokea jana na lililotokea zamani, na kila moja lina kiambishi chake katika kitenzi. Mtoto anayemsikiliza nyanya yake anajifunza kuupanga wakati kwa makini kuliko anayesikia Kiingereza peke yake. Anachokosa ni umbo la Kiingereza tu, na hilo litakuja.

Hata sera ya elimu nchini inakubali hivyo. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, imependekezwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini Januari 2019, umeendeleza wazo hilo hadi Gredi ya 3, ingawa shule nyingi za mijini hutumia Kiingereza tangu chekechea.

Ushauri wetu ni huu: kila mtu mzima amsemeshe mtoto kwa lugha anayoijua vyema. Yaya anayesimulia hadithi ya sungura na fisi kwa Kiswahili safi humjenga mtoto kuliko yule anayelazimishwa kusema Kiingereza cha kubahatisha. Tena kumbuka, mtoto anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu huchukua muda mrefu zaidi kuvimudu vikaidi. Akikosea hapa na pale akiwa na miaka saba au minane, si ajabu.

JINSI YA KUMFUNDISHA

Kwanza, mrudishie sentensi ikiwa sahihi, bila kumkatiza. Akisema "I falled down," mjibu: "Oh, you fell down! Where did you fell...?" Hapana! Angalia, mzazi, hata sisi hunaswa hapa. Baada ya "did", kitenzi hurudi katika umbo lake la kwanza: "Where did you fall?" Watoto wengi wakishakijua "went" huanza kusema "I didn't went". Ni hatua nyingine ya kawaida, na tiba yake ni ile ile: mjibu kwa sentensi sahihi na mazungumzo yaendelee.

Pili, zungumzeni kila jioni juu ya siku ilivyokuwa. Wakati wa chakula cha usiku, anza wewe: "Today I went to town, I saw a big lorry and I bought bananas." Kisha mwulize naye alikwenda wapi, aliona nini, alikula nini. Dakika kumi za mazungumzo ya namna hii zina vitenzi vikaidi kuliko ukurasa mzima wa mazoezi. Usimlazimishe kurudia neno. Kusikia kunatosha.

Tatu, msomee hadithi. Hadithi nyingi husimuliwa kwa wakati uliopita, na mtoto hupenda kusomewa ile ile mara ishirini. Usichoke. Marudio hayo ndiyo yanayojaza ghala.

Nne, akishafika miaka sita au saba na kuanza kusoma, panga vitenzi kwa jamaa zake, wala usimpe orodha ndefu ya kukariri. Jamaa ya kwanza ni vile visivyobadilika: "put", "cut", "hit", "shut". Jamaa ya pili ni "sleep" na "slept", "sweep" na "swept", "keep" na "kept". Ya tatu ni "grow" na "grew", "throw" na "threw", "blow" na "blew", "know" na "knew". Wenye ukoo mmoja hufanana sauti, na sauti zinazofanana hukumbukwa upesi. Wapweke kama "went" na "was" uwaache wajifunzwe kwa mazungumzo. Vitenzi viwili au vitatu kwa wiki vinatosha.

Tano, fanya mchezo. Mtoto aruke, kisha aulizwe: "What did you do?" Arushe mpira, achore, ajifiche. Mwili ukitenda, neno hushika.

MAMBO YA KUEPUKA

Usimcheke, na usikubali kaka na dada zake wamcheke. Usimwigize mbele ya wageni. Mtoto anayechekwa hujifunza kunyamaza, na mtoto anayenyamaza hapati mazoezi. Atachagua sentensi fupi zisizo na hatari, au ataacha kabisa kukupa habari za siku. Siku atakapokuwa na habari nzito ya kukueleza, kwamba ameumizwa au anaumwa, atakuwa ameshazoea kufunga mdomo.

Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaikataza tena. Mwalimu hana ruhusa ya kumchapa mtoto kwa sababu ya kitenzi, wala kwa sababu amezungumza lugha ya nyumbani kwao. Ukigundua jambo hilo linatendeka, zungumza na mwalimu mkuu.

DALILI ZA KUKUPELEKA KWA DAKTARI

Sasa tufikie yale yanayostahili hofu yako. "Goed" si mojawapo. Dalili hizi ndizo za kutazamwa, katika lugha yoyote anayoizungumza mtoto.

Amefika mwaka mmoja na nusu na hana neno hata moja lenye maana. Amefika miaka miwili na nusu na hawezi kuunganisha maneno mawili, kama "mama kuja" au "more milk". Ana miaka minne na watu wa nje hawaelewi asemacho, au hawezi kueleza jambo dogo lililomtokea. Hageuki akiitwa. Huongeza sauti ya televisheni kila mara, au hutazama sana midomo ya anayemsemesha. Na katika umri wowote, amepoteza maneno aliyokuwa akiyasema. Hili la mwisho halipaswi kungojwa hata wiki moja.

Kilicho muhimu ni kupima lugha zote. Mtoto akikosea Kiingereza lakini akamsimulia yaya kisa kizima kwa Kiswahili, yu mzima, anahitaji muda tu. Akishindwa katika lugha zote, hapo kuna jambo. Uchunguzi uliofanywa Surrey, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba watoto wapatao 7 kwa 100 wanaoanza shule wana tatizo la lugha lisilo na chanzo kinachojulikana. Ni kama watoto wawili katika darasa la thelathini. Kwa Kiingereza, watoto hao mara nyingi hawasemi "goed". Huacha alama ya wakati kabisa na kusema "Yesterday he go", na huendelea hivyo muda mrefu baada ya wenzao kuacha. Lakini mtoto anayeanza tu kujifunza Kiingereza husema hivyo pia. Ndiyo maana lugha ya nyumbani lazima isikilizwe.

Anza na masikio. Mtoto mdogo hupata mafua mara kwa mara, na mrija unaounganisha koo na sikio lake ni mfupi na umelala kuliko wa mtu mzima. Maambukizi hupenya kwa urahisi, na majimaji yanaweza kubaki nyuma ya kiwambo cha sikio kwa wiki kadhaa bila maumivu yoyote. Katika muda huo mtoto husikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole. Sauti za kwanza kupotea ni zile hafifu za mwisho wa maneno, na -ed ni mojawapo. Mtoto asiyeisikia hawezi kuisema.

Sikio likitoa usaha, mpeleke kliniki. Usitie mafuta, maziwa ya mama wala dawa za kubahatisha, na usichokoe kwa kijiti. Usaha ukiendelea kwa wiki mbili au zaidi, huo ni ugonjwa sugu unaoweza kumwachia uziwi.

Kwa wakazi wa Eldoret na vitongoji vyake, kliniki ya watoto iliyo karibu ndiyo pa kuanzia. Nenda na kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na uombe masikio yachunguzwe kwanza. Ikihitajika, utaelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako pia kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015. Vipo pia vituo vya serikali vya kutathmini mahitaji ya watoto kielimu, maarufu kwa jina la EARC, ambavyo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Mwalimu wa shule ya umma iliyo karibu anaweza kukuelekeza.

Kwa wale wengine, ambao ndio wengi, subira ndiyo dawa. Mtoto anayesema "I eated all my food" amekuambia mambo mawili: kwamba amemaliza chakula chake, na kwamba ameigundua kanuni ya lugha ngumu bila msaada wa mtu. Mpongeze kwa yote mawili. Kisha mjibu kwa upole, "Yes, you ate all of it," na umwongeze kipande cha chapati.